Siku 39 za Paul Gascoigne katika Benchi la Kettering Town

Wengi wa rika langu tulimjua Paul Gascoigne usiku wa tarehe 1 Julai 1990, mjini Naples, katika robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Kamerun. Ndiye aliyemwangusha Roger Milla ndani ya eneo la hatari, Emmanuel Kundé akasawazisha kwa penalti, na dakika chache baadaye Eugène Ekéké akaifanya Afrika nzima isimame kwa bao la pili. Ndiye pia aliyetuvunja mioyo katika muda wa nyongeza, alipopenyeza pasi iliyompeleka Gary Lineker ana kwa ana na Thomas N'Kono, ikazaa penalti ya pili na ushindi wa 3-2. Siku tatu baadaye, mjini Turin dhidi ya Ujerumani Magharibi, alionyeshwa kadi ya njano ambayo ingemkosesha fainali kama timu yake ingefuzu, machozi yakamlengalenga mbele ya ulimwengu mzima. Tangu hapo jina lake likawa kubwa kuliko klabu yoyote aliyoichezea.

Miaka 15 baadaye, tarehe 27 Oktoba 2005, mtu huyo aliteuliwa kuwa kocha mkuu wa Kettering Town, klabu ya daraja la sita katika ngazi za soka la Uingereza. Tarehe 5 Desemba kibarua chake kikaota nyasi. Zilikuwa zimepita siku 39. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha pombe, na ni kweli kwamba uongozi wa klabu ulitaja pombe kuwa sababu ya kumwondoa. Nimekifuatilia kwa muda mrefu, na ninaona kwamba maelezo hayo yanaanzia mwishoni. Kosa lililoamua mambo lilifanyika siku ya kuajiri, pale ambapo klabu ilihitaji kocha, ikachukua jina, halafu ikataraji jina lifanye kazi ya kocha.

Kettering ni mji wa wastani katika jimbo la Northamptonshire, katikati ya Uingereza, na kwa vizazi vingi watu wake waliishi kwa kutengeneza viatu. Klabu yao, inayojulikana kwa jina la utani la Poppies, wakati huo ilicheza katika uwanja wa Rockingham Road na ilikuwa katika ligi iitwayo Conference North, iliyoanzishwa mwaka 2004. Juu yake kulikuwa na Conference ya kitaifa, na juu ya hiyo ndipo yanapoanza madaraja manne ya kulipwa ambayo Waingereza huyaita ligi. Kila klabu iliyo nje ya madaraja hayo manne huhesabiwa kuwa nje ya ligi, hata kama ina uwanja mzuri, historia ndefu na mashabiki waliorithishana mapenzi kutoka kwa babu hadi mjukuu. Njia ya kupanda nayo ni finyu: bingwa peke yake ndiye aliyepanda moja kwa moja, na nafasi nyingine moja iligombewa kwa mechi za mchujo. Msimu huo bingwa alikuwa Northwich Victoria. Katika ligi ya namna hiyo, wiki sita za kuyumba zinatosha kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Ili kuelewa kwa nini Kettering walithubutu kumwita Gascoigne, ni lazima kukumbuka kwamba klabu hii ilikuwa imewahi kunufaika na ujasiri wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na kocha kijana, Ron Atkinson, ambaye baadaye alifika hadi Manchester United. Kisha akaja Derek Dougan, mshambuliaji maarufu aliyetoka Wolverhampton Wanderers, akiwa na madaraka ya kuendesha klabu ndani na nje ya uwanja. Mnamo Januari 1976, katika mechi dhidi ya Bath City, wachezaji wa Kettering waliingia uwanjani wakiwa na maneno "Kettering Tyres" vifuani, jina la kampuni ya matairi ya mjini kwao. Hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imewahi kuvaa jina la mdhamini katika mechi ya mashindano. Chama cha soka, FA, kikaamuru maneno hayo yaondolewe. Dougan akafuta herufi nne za mwisho, ikabaki "Kettering T", na akashikilia kwamba hiyo T ilisimama badala ya Town. FA hawakukubali, walitishia faini ya pauni 1,000 na jezi zikabadilishwa. Hata hivyo haukupita muda mrefu kabla ya FA wenyewe kuruhusu udhamini wa jezi, na leo ni vigumu kumweleza mtoto kwamba kulikuwa na wakati ambapo vifua vya wachezaji vilikuwa vitupu.

Nimekitaja kisa cha Dougan kwa urefu kwa sababu ndicho kipimo changu. Alikuwa na jina kubwa, lakini alikuja na wazo linaloshikika, akalitekeleza, akaligombania kwa ukaidi mbele ya chama chenye nguvu, na jina lake likawa chombo cha kazi. Mwaka 2005 mpangilio uligeuka, maana jina lenyewe ndilo lililokuwa wazo.

Mtu aliyelileta alikuwa Imraan Ladak, mfanyabiashara aliyekuwa bado na umri wa miaka ya ishirini na kitu na mshabiki wa Tottenham Hotspur, klabu ambayo Gascoigne aliichezea tangu mwaka 1988 hadi kano za goti lake zilipokatika katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1991. Ladak aliichukua Kettering na kumtangaza Gascoigne karibu kwa pumzi moja. Kocha aliyekuwepo, Kevin Wilson, mshambuliaji wa zamani wa Chelsea na timu ya taifa ya Ireland ya Kaskazini, hakufukuzwa. Alipandishwa kuwa mkurugenzi wa soka. Msaidizi wa Gascoigne akawa Paul Davis, kiungo aliyetwaa ubingwa na Arsenal mwaka 1989 na 1991. Na Gascoigne mwenyewe alikusudia kuweka fedha zake ili amiliki theluthi moja ya klabu.

Mpango huo ukitazamwa kwa haraka unavutia, kwa kuwa una mwekezaji kijana, nyota wa taifa, msaidizi mwenye sifa na mzoefu anayeijua klabu. Mimi nauona kama chumba kimoja chenye viti vinne na kazi moja. Wilson alikuwa ameondolewa kwenye kazi aliyoijua, akawekwa juu ya mtu aliyempokea mikoba, bila mipaka inayoonekana kati ya majukumu yao. Mchezaji aliyesajiliwa na Wilson na kupangwa na Wilson, akiachwa benchi na Gascoigne, angeweza kuinua macho na kumwona Wilson bado yupo jengoni. Gascoigne kwa upande wake alikuwa mwajiriwa wa Ladak na papo hapo mbia mtarajiwa wa Ladak. Kocha ambaye ni mwajiriwa tu anajua kwamba mwenye klabu ana haki ya kumuuliza kuhusu matokeo. Mbia naye ana haki ya kuuliza fedha zinakwendaje na kwa nini mwenzake anaingilia kikosi. Mtu mmoja akivaa kofia hizo mbili, kila ugomvi kuhusu kikosi unageuka kuwa ugomvi kuhusu umiliki, na hakuna wa tatu wa kuamua.

Yapo pia mambo ya Gascoigne mwenyewe, na hapa nataka kuandika kwa uangalifu, kwa sababu tunamzungumzia mtu mgonjwa. Uraibu wake wa pombe haukuwa siri. Mwaka 1998, akiwa Middlesbrough, alilazwa kwa matibabu. Mwaka 2001, akiwa Everton, alikwenda kutibiwa Arizona, Marekani. Baada ya Everton alipitia Burnley, akaenda Gansu Tianma ya China mwaka 2003, na mwaka 2004 akawa mchezaji na kocha kwa pamoja huko Boston United, ambako alikaa miezi michache tu. Ukizisoma klabu hizo kwa mfululizo unaona vituo vya mwisho vikiwa vifupi kuliko vya mwanzo. Alikuwa amecheza mechi 57 za timu ya taifa na kufunga mabao 10, likiwemo lile la Wembley dhidi ya Scotland mwaka 1996, alipoupitisha mpira juu ya kichwa cha Colin Hendry na kuupiga kabla haujatua. Hata hivyo, alipofika Rockingham Road hakuwa amewahi kuongoza timu yoyote ya Uingereza kama kocha mkuu.

Klabu ililijua hilo lote. Kwa hiyo swali la msingi katika uchambuzi huu ni kama mazingira ya kazi yalipangwa kwa kuzingatia kwamba alikuwa na uraibu, jambo ambalo kila msomaji wa magazeti alilifahamu. Sioni kwamba yalipangwa hivyo.

Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu. Katika ngazi hiyo ya soka, wachezaji wengi kwa kawaida wana kazi nyingine mchana, yaani ni mafundi, walimu, madereva na makarani. Mazoezi huwa jioni, mara mbili kwa wiki, chini ya taa, baada ya watu kutoka kazini. Wanafika mmoja mmoja wakiwa na mifuko ya viatu, mwingine amechelewa kwa sababu ya foleni, mwingine ametuma ujumbe kwamba bosi wake amemzuia. Kocha anakuwa na saa moja na nusu ya kufundisha, na sehemu ya muda huo inakwenda katika kupanga nani atapatikana Jumamosi. Anayeifanya kazi hii vizuri anaujua ulimwengu huo kwa undani: anamjua beki wa kushoto wa timu ya mji jirani anayetaka kuhama, anajua ni wachezaji gani hawawezi kusafiri mbali katikati ya wiki, na ana daftari la namba za simu alilolijenga kwa miaka. Gascoigne hakuwa na daftari hilo, wala hakukuwa na sababu ya kuwa nalo. Alitoka Newcastle United kwenda Tottenham, Lazio na Rangers. Maisha yake yote ya soka yalikuwa ya mazoezi ya asubuhi na wenzake wanaolipwa kucheza mpira tu.

Kwa mtu mwenye uraibu, jambo la hatari zaidi katika ratiba ya namna hiyo ni saa zinazobaki tupu. Kocha wa klabu kubwa ana siku iliyojaa kuanzia asubuhi, lakini kocha wa timu inayofanya mazoezi jioni ana mchana mrefu wa peke yake, na Gascoigne alikuwa mbali na Gateshead alikozaliwa, katika mji ambao kila anayempita anamfahamu na wengi wangefurahi kumnunulia kinywaji. Kuna watu wema waliodhani wanamfanyia ukarimu. Sijui njia nyepesi ya kulisema hili, lakini katika utamaduni wa soka la Uingereza upendo kwa mchezaji na bilauri ya bia vimekaa meza moja kwa muda mrefu mno, na mtu anayejaribu kuacha pombe hupata tabu zaidi anapopendwa na wengi.

Kelele nazo zilianza siku ya kwanza. Kamera na waandishi wa habari waliomiminika Kettering hawakwenda kuitazama Kettering. Mapema Novemba timu ilicheza nyumbani raundi ya kwanza ya Kombe la FA dhidi ya Stevenage Borough, waliokuwa daraja moja juu yao, ikafungwa 3-1 na kutolewa. Kufungwa na timu iliyo juu yako si aibu hata kidogo. Kwa klabu ndogo, hata hivyo, Kombe la FA ni chanzo cha fedha na mahali pa kuota ndoto, na kutolewa mapema kuliondoa jambo moja ambalo lingeweza kumnunulia kocha mpya muda. Kilichobaki kilikuwa ligi, mechi za kila Jumamosi kwenye viwanja ambako jina la Gascoigne liliwapa wapinzani ari zaidi kuliko lilivyowapa wachezaji wake. Nani asingependa kusimulia kwamba aliifunga timu ya Gazza, kama Waingereza walivyomwita Gascoigne?

Tarehe 25 Novemba, katikati ya wiki hizo, George Best alifariki dunia mjini London akiwa na miaka 59, baada ya miaka mingi ya kuteswa na pombe. Nchi nzima ilizungumza kuhusu kipaji na chupa, na haikuwa rahisi kwa mtu yeyote kufanya mazungumzo hayo bila kumgeukia Gascoigne. Najiuliza ilikuwaje kwake kuamka kila asubuhi na kusoma tanzia ya mtu mwingine ambayo waandishi walikuwa kama wanamfanyia yeye mazoezi.

Siku kumi baadaye akaondolewa. Uongozi wa klabu ulieleza kwamba sababu ilikuwa matatizo yake ya pombe. Gascoigne alitoa maelezo mengine: kwamba mmiliki alikuwa akiingilia kazi yake, kwamba alitamani kuwa kocha mwenyewe, na kwamba alijua machache kuhusu soka. Tangu hapo watu wamekuwa wakichagua upande mmoja, kana kwamba ukweli wa upande huu unaufuta wa upande ule. Kwa maoni yangu si lazima kuchagua. Klabu inaweza kuwa sahihi kwamba kocha anayekunywa hawezi kuachiwa timu, na kocha akawa sahihi kwamba hakuachiwa timu tangu mwanzo. Mambo haya mawili hata husaidiana: mmiliki anayemwona kocha wake akiyumba huzidi kusogea karibu na benchi, na kocha anayeona benchi lake limeingiliwa hupoteza sababu ya kujizuia. Nisichoweza kukubali ni kulieleza tatizo la pombe kama jambo lililoibuka ghafla mwezi Novemba. Aliyemwajiri Gascoigne aliuajiri pia ugonjwa wake, na wajibu wa kuutayarishia mahali ulikuwa wa mwajiri.

Mtu anaweza kupinga kwamba nakuwa mkali kwa Ladak, na pingamizi hilo lina uzito. Hakuitupa klabu baada ya aibu hiyo. Makocha wengine walipita, na mwaka 2007 akaja Mark Cooper, aliyetoka kuifundisha Tamworth, yaani mtu aliyeyajua madaraja hayo kwa kuyaishi. Katika msimu wake wa kwanza Kettering walitwaa ubingwa wa Conference North na kupanda. Januari 2009 walifika raundi ya nne ya Kombe la FA na kuikaribisha Fulham ya Ligi Kuu hapo hapo Rockingham Road. Hadi dakika za mwisho matokeo yalikuwa 2-2, kabla ya Fulham kushinda 4-2. Mwenye klabu alikuwa yule yule na uwanja ulikuwa ule ule. Jambo hilo linadhoofisha hoja kwamba kuingilia kwa mmiliki peke yake kulitosha kuua kazi ya Gascoigne, na ndiyo maana sikuijenga hoja yangu juu yake. Linaipa nguvu, kwa upande mwingine, hoja kwamba tofauti ilikuwa katika kile kilichotafutwa wakati wa kuajiri. Safari hii hakuna kamera zilizokuja kumtazama kocha, na kocha alikuwa na daftari.

Yaliyofuata kwa klabu yalikuwa machungu na yanahitaji makala yake. Mwaka 2011 walihama Rockingham Road kwenda Nene Park, uwanja uliokuwa wa Rushden & Diamonds, fedha zikawashinda, na mwaka 2012 wakajikuta wameshushwa madaraja mawili kwa mpigo.

Nirudi mwaka 2005. Gascoigne alipoondoka, aliyerudishwa kuiongoza timu alikuwa Kevin Wilson. Wachezaji walirudi mazoezini chini ya mtu yule yule waliyekuwa naye kabla ya tarehe 27 Oktoba, wakiwa wametolewa katika Kombe la FA na kupitiwa na dhoruba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiita. Habari za siku 39 karibu kila mara zimeandikwa bila majina ya wachezaji hao, nami ninalihesabu hilo kuwa sehemu ya gharama. Kwao huo ulikuwa msimu, mmoja kati ya misimu michache ambayo mwili wa mchezaji unaweza kuitoa.

Oktoba 2010 klabu nyingine ya nje ya ligi, Garforth Town ya Yorkshire, ilizungumza na Gascoigne kuhusu kumfanya kocha. Ilikuwa klabu iliyozoea majina. Novemba 2004 iliwahi kumleta Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la 1982, aliyekuwa na miaka 50, akaingia kama mchezaji wa akiba na kucheza dakika chache za mwisho katika baridi ya kaskazini mwa Uingereza. Watu walikuja, walimwona, walifurahi, naye akarudi kwao salama, kwa sababu kilichotakiwa kwake kilikuwa kuonekana tu. Kiti walichomwonyesha Gascoigne kilikuwa kingine kabisa, chenye mazoezi ya Jumanne usiku, wachezaji wasiopatikana na Jumamosi thelathini na kitu za majira ya baridi na mvua. Safari hii alikikataa.